Mume Wangu Huoka Mikate, Nami Nampikia Baga Isiyo na Mkate

Mpendwa Shangazi, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana wote niliojaribu kuwaeleza jambo hili walicheka kwanza, ndipo wakauliza kama ni kweli, na mimi hapa nilipofika sina tena nguvu ya kusubiri watu wamalize kucheka.

Mume wangu ni mwoka mikate. Baba yake alikuwa mwoka mikate, bekari ni ileile, tanuri ni lilelile la matofali, na akipita mtaani watu hawamuulizi habari za nyumbani, wanamuuliza habari za tanuri. Mimi nafanya kazi duka la miwani, nakata na kusugua lenzi chumba cha nyuma. Tuna miaka kumi na saba ya ndoa na binti mmoja wa miaka kumi na mitano ambaye simu yake ndiyo iliyotuchoma, lakini huko nitafika.

Mambo yalianza Jumanne moja. Nilitoka kazini saa kumi na mbili jioni macho yananiwasha kwa vumbi la lenzi, nyama ya kusaga nilikuwa nimeitoa kwenye friji asubuhi kwa ajili ya baga, na kazi ya kuleta mikate ya baga, ile ya mviringo yenye ufuta juu, ni ya mume wangu tangu tuoane, sasa siku hiyo akaingia mikono mitupu, eti mteja mmoja mwenye shughuli yake amezoa yote mpaka wa mwisho. Nikamwambia, "Baba, nyumba hii ndiyo ikose mkate?" Akasema, "Nimeshazima tanuri, mama. Hata aje nani, siliwashi."

Nami nilikuwa nimechoka, sikuwa na hamu ya kufikiri. Nyama sikuitengeneza viduara, niliivuruga tu kwenye kikaango pamoja na kitunguu, kitunguu saumu, chumvi na pilipili manga mpaka ikashika rangi na kuanza kukauka pembeni, nikakata saladi nyembamba nikaijaza kwenye mabakuli, juu yake nikamwaga nyama ikiwa bado inachemka, nikatia nyanya, vitunguu vibichi na matango ya siki, nikakwaruza jibini likayeyuka lenyewe, kisha nikachanganya mayonezi, sosi ya nyanya, haradali kijiko kimoja na siki kidogo ya yale matango, nikainyunyiza juu. Dakika ishirini, Shangazi, na kikaango kimoja cha kuosha.

Binti alikula akalamba bakuli. Mume wangu alikula la kwanza, akaongeza la pili, akajifuta mdomo, akasema, "Tamu. Kesho nitaleta mikate, tule baga yenyewe."

Kesho yake akaleta. Na mimi nikapika tena mabakuli.

Hapa ndipo nataka unielewe. Sikufanya kwa ubishi. Usiku ule wa kwanza nililala na tumbo langu likiwa kimya. Sijui kama unajua kulala na tumbo lililo kimya baada ya miaka na miaka ya kulala na tumbo lililovimba kama ngoma, linalonguruma mpaka mwenzako anauliza kama mvua inakuja. Mkate haunipendi, Shangazi. Haujawahi kunipenda. Nikiula, baada ya saa moja nafungua kishikizo cha sketi, na baada ya saa mbili natafuta pa kujilaza. Nimelijua hilo tangu niko msichana, na nikaolewa na mwoka mikate.

Utaniuliza ilikuwaje. Alikuwa akinisubiri kituo cha basi asubuhi, kijana mwembamba mwenye unga kwenye nyusi, ananipa mkate mdogo wa moto umefungwa kwenye karatasi, halafu anasimama pembeni kuniangalia nikiuma. Siku ya kwanza nilikuwa na njaa, nikaula wote, nikamwambia, "Maisha yangu sijala mkate kama huu." Na ilikuwa kweli, maana kwa kawaida siuli. Yule kijana alifurahi mpaka akasahau baiskeli yake pale kituoni. Sasa wewe ungemwambia nini siku ya pili?

Tangu hapo, kila siku ya kazi, miaka yote kumi na saba, ananiokea mkate wangu peke yangu, mdogo, ameuchora kwa wembe herufi ya kwanza ya jina langu kabla haujaingia tanurini. Nami nautia kwenye mkoba, nafika kazini, nampa mlinzi wa duka. Huyo mlinzi tunamwita Babu Tochi, kwa sababu mchana kweupe anashika tochi. Ni mzee wa heshima, meno yamebaki machache, anauchovya kwenye chai. Mume wangu akiniuliza jioni, "Mkate wa leo?" namjibu, "Mtamu." Sijawahi kumdanganya, Shangazi. Babu Tochi kila siku aliniambia ni mtamu, nami nilikuwa nafikisha salamu tu.

Basi mabakuli yakawa mara tatu kwa wiki, halafu mara nne. Mikate ya baga aliyoileta mume wangu ikawa inakaa kwenye kapu mpaka inakuwa migumu. Sketi zangu zikaanza kunilegea, uso ukanawiri, kazini wakaniuliza nimebadilisha mafuta gani. Mume wangu akawa anakula bakuli lake huku analitazama kapu, kisha ananitazama mimi. Siku moja akauliza taratibu sana, "Mama, mkate wangu umekosa nini?" Nikasema, "Haujakosa kitu, ni kwamba hii inapikika haraka." Akasema, "Mkate nauleta umeshapikwa." Nikaenda kuosha kikaango.

Ndipo binti yetu akapiga picha bakuli lake, akaiweka kwenye kundi la simu la mtaa, akaandika, "Baga bila mkate, nyumbani kwa mwoka mikate." Alidhani ni mzaha mzuri. Mtaa mzima nao ulidhani ni mzaha mzuri. Wateja wakaanza kumuuliza mume wangu kaunta pale kama siku hizi anauza mabakuli, na mmoja akamuuliza kama kuna kitu ndani ya unga ambacho mkewe anakijua na wao hawakijui. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ndiye anayekaa kaunta, na wifi yangu hacheki ovyo. Alimwambia kaka yake, nimeambiwa na binti aliyekuwepo, "Mwanamke akianza kula majani na kupungua kiuno, jua kuna mtu anamwangalia."

Sasa sikia mkosi. Mume wangu macho yamepungua nguvu, saa ya tanuri anaisoma kwa kukisia, nami nimemsihi mwaka mzima aje dukani apimwe. Alhamisi iliyopita, bila kuniambia, akaja. Nadhani alitaka kunishtua kwa furaha. Mimi niko nyuma, mashine inapiga kelele, sisikii kitu. Mlangoni akamkuta Babu Tochi kwenye kistuli chake, chai mkono huu, mkate mkono huu, na juu ya mkate herufi yangu.

Akamuuliza, "Mzee, mkate huo umeutoa wapi?"

Babu Tochi, ambaye hajawahi kumwona mume wangu, akajibu kwa fahari, "Huu? Huu naletewa kila siku na mama wa humu ndani. Mwaka wa ngapi sasa! Yule mama ananipenda sana."

Mume wangu akageuka akaondoka. Hakupimwa. Babu Tochi ndiye aliyenisimulia, akashangaa, "Kuna mteja mmoja kauliza habari za mkate, halafu kaondoka kama aliyefiwa."

Jioni alikula bakuli lake lote. Alipomaliza akasema, "Asante kwa chakula," kama mtu anayemwambia mhudumu wa hoteli. Ijumaa hakuniokea mkate. Jumamosi hakuniokea. Kachukua mto wake kaupeleka sebuleni, eti mgongo unataka kitanda kigumu. Wifi anasema si lazima awe mlinzi mwenyewe, labda mlinzi ni tarishi tu wa mtu mkubwa zaidi. Na jana mume wangu ameungua mkono wa kulia toka kiganjani mpaka karibu na kiwiko, kwa sababu hakuona vizuri trei imefika wapi. Nilitaka kumfunga bandeji, akaniambia, "Acha, dada atanifunga."

Shangazi, hapo ndipo nilipolia.

Swali langu ni hili. Je, nirudishe mkate kwenye baga, nile kimya kama zamani, tumbo livimbe lakini ndoa ipone? Au niendelee na bakuli na nimsubiri azoee? Na kama nitaendelea, nipunguze haradali? Maana nimeona hapendi sana haradali.

Ni mimi,
Mke wa Mwoka Mikate

*

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka. Uliniomba nisicheke na nilijitahidi mpaka pale pa tochi. Nilipofika kwenye mkono ulioungua niliacha, na hapo ndipo nilipoona kwamba hata wewe kwenye barua yako ulipita hapo mbiombio ili ukimbilie haradali.

Umeniandikia kurasa nne, na ukurasa mzima ni mapishi. Mapishi mazuri, sikatai. Lakini hukuja kwangu kwa sababu ya nyama ya kusaga. Ungekuwa na shida ya chakula ungeandika ukurasa wa mapishi, uko nyuma kidogo, karibu na matangazo ya magodoro.

Unasema hujawahi kumdanganya, ulikuwa unafikisha salamu. Acha mzaha. Mtu anaamka alfajiri, anachora herufi yako kwa wembe, wewe unampa mlinzi, jioni unasema "mtamu". Huo ni uongo, mwanangu, tena uongo wa kila siku ya kazi, wenye likizo ya Jumapili. Nakubali ulianza kwa huruma. Msichana mwenye njaa akimsifu kijana mwenye unga kwenye nyusi, nani atamlaumu? Siku ya pili ulikuwa na aibu. Mwaka wa kwanza ulikuwa na woga. Lakini kufikia mwaka wa kumi hukuwa na kisingizio chochote, ulikuwa umezoea tu.

Na mumeo simwachi. Mtu mzima anaona mkate kwenye mkono wa mzee asiye na meno, anaondoka bila kuuliza swali la pili, anahamisha mto, anamwachia dada yake kazi ya kufikiri. Angeingia ndani hatua kumi tu angekukuta umevaa aproni, una vumbi la kioo puani, na angepata miwani juu yake. Badala yake kaungua. Mwambie Shangazi kasema.

Wifi yako mwache. Ana kazi ya kukaa kaunta, na watu wanaokaa kaunta hupata muda mwingi wa kutunga. Usigombane naye, usimweleze lolote kabla hujamweleza kaka yake. Akijua yeye kwanza, utakuwa umeoka mkate mwingine wa kumpa mtu asiyehusika.

Binti yako aifute ile picha, na amwombe baba yake radhi kwa mdomo wake, si kwa simu.

Sasa swali lako. Usirudi kula mkate. Ndoa inayotaka uvimbe tumbo ili ipone haitapona, itavimba nawe. Lakini pia usiendelee kupika mabakuli huku umefunga mdomo, kwa sababu kila bakuli unalomwekea mezani linamwambia jambo ambalo wewe hujalisema, na analisikia vibaya. Anasikia kwamba humtaki.

Fanya hivi. Nenda kwa daktari, mweleze habari za tumbo tangu usichana wako, na ufanye vipimo atakavyokuambia. Usijipe ugonjwa kwa kusoma kwenye simu. Inawezekana ni ngano, inawezekana ni kitu kingine, mimi si daktari na Babu Tochi naye si daktari.

Lakini usimsubiri daktari ndipo uzungumze na mumeo. Nakujua. Utasema "ngoja majibu yatoke" na majibu yakitoka utasema "ngoja mkono upone". Nenda Jumapili mchana, bekarini, tanuri likiwa limezimwa na wifi yupo kwake. Usimwambie nyumbani mezani, maana mezani kuna bakuli na utaanza kueleza saladi. Mwambie kwa sentensi fupi. Anza na tumbo, malizia na mlinzi. Usilie kabla hujamaliza, kwa sababu ukilia atakubembeleza, na akikubembeleza hutamaliza. Akikasirika, muache akasirike, ana haki yake. Akiuliza kwa nini hukusema, usimjibu kwamba ulitaka kumlinda. Mwambie uliogopa.

Baada ya hapo mshike mkono ule mzima umpeleke akapimwe macho. Hilo si ombi.

Haradali sina maoni.

*

NYONGEZA KUTOKA KWA SHANGAZI

Kwa kuwa kuna mtu alikuwa anafanya kazi na moto bila kuona vizuri, nilimpelekea mwandishi wa barua jibu hili kwa simu mapema, kabla gazeti halijatoka. Siku tisa baadaye akaniandikia tena. Nampa nafasi amalize mwenyewe.

"Shangazi, nilikwenda. Nilimkuta anasugua trei kwa mkono mmoja. Nikasema yote, kama ulivyonielekeza, nikamaliza bila kulia, ila sauti ilikuwa inatetemeka kama ya mbuzi. Akaweka trei chini. Akauliza, 'Yote?' Nikasema, 'Karibu yote.' Akauliza, 'Hata siku ile nilipoweka zabibu?' Nikamwambia ile nilikula nusu, kwa sababu zilikuwa zabibu. Akauliza, 'Na tumbo?' Nikasema, 'Lilinikomesha siku mbili.' Akakaa juu ya gunia la unga. Aliniuliza kwa nini sikusema, nikamjibu niliogopa, akatikisa kichwa. Halafu akasema, 'Kwa hiyo duniani kuna mtu mmoja tu anayeujua ule mkate wangu, na mtu huyo ni mlinzi.'

"Jumatatu tulikwenda pamoja dukani. Nilimtangulia ndani kumwandalia kiti cha kupimiwa, nageuka simwoni. Alikuwa amechuchumaa pale mlangoni mbele ya Babu Tochi. Nilimsikia anamwambia, 'Mzee, mimi ndiye ninayeoka ule mkate. Nataka uniambie ukweli, ukoje?' Babu Tochi alipojua anazungumza na nani aliinuka kwenye kistuli, akaomba radhi mara tatu, akataka kurudisha hata mikate ya siku zilizopita. Mume wangu akamkalisha. Babu akafikiri sana, akasema, 'Mwanangu, ni mkate mzuri. Laini, una chumvi ya kiasi. Ila wa Jumatatu huwa hauivi katikati. Mimi nilidhani ndivyo mnavyoupenda.'

"Shangazi, mume wangu aliingia ndani macho yamemtoka. 'Hauivi katikati! Jumatatu!' Hakunitazama mimi, alikuwa anauambia ukuta wenye ubao wa herufi. Baada ya dakika moja akapata jawabu mwenyewe. Tanuri linalala Jumapili nzima, matofali yanapoa mpaka ndani, na Jumatatu yeye analiwasha saa ileile ya siku zote. Miaka yote hiyo, na bekari imejaa wateja, na dada yake yuko kaunta, na hakuna aliyefungua mdomo. Akaniambia, 'Wote mlikuwa mnanionea huruma?' Nikasema sijui wenzangu, mimi nilikuwa nimeogopa tu. Akapimwa macho. Miwani yake nimeikata mwenyewe.

"Daktari nimemwona, vipimo nimefanya, majibu bado. Wifi ameambiwa na kaka yake, amenuna, anasema alijua tangu mwanzo ni tumbo. Babu Tochi analetewa mkate wake na mume wangu mwenyewe, hauna herufi, na imepangwa kila Jumatatu aulizwe katikati pakoje.

"Kunisamehe sijui kama amenisamehe. Hajasema, nami sijauliza, na kuna siku anakaa kimya ghafla katikati ya mazungumzo najua ni hilo. Lakini leo jioni nilikuwa nakaanga nyama, akaingia, akanawa mikono, akavaa miwani, akachukua kisu. Akaniuliza nyanya nazikata vipande vya ukubwa gani. Nikamwambia vidogo."